Kuku wa Mjomba Chilumba

Aibu niliipata, sikatai, na wale waliokuwepo Newala siku ile wanaposimulia (na wanasimulia kweli, juzi nimeisikia stendi ya Masasi kwa mtu ambaye hata hakuwepo) wananifanya mimi ndiye kichekesho, sawa, lakini nasema hivi: kama mnasimulia, simulieni yote, msianzie katikati kwenye kuku. Kuku ana mwanzo wake. Mwanzo wa kuku ni njaa, na mwanzo wa njaa ile ni dharau, kwa hiyo kaeni niwaambie mwenyewe kwa mdomo huu huu uliokula.

Mimi ni fundi wa muziki, siyo wa kuimba, wa spika. Nakodisha spika, maiki, jenereta na taa za rangi, na kuanzia Lupaso mpaka juu Newala hakuna ukoo wenye sherehe ambao haujaniona nimechuchumaa nyuma ya turubai naunganisha waya. Sasa mtu anayekaa kwenye sherehe kila wiki anajifunza mambo ya chakula ambayo mgeni wa kawaida hayajui. Wageni wote wanaitolea macho meza kuu, kwa sababu ina vitambaa na maua, lakini mimi nawaambia chakula cha meza kuu kimepoa, kimesubiri hotuba. Kwenye foleni nako ukisimama mbele unapakuliwa na mama mwenye mkono wa birika anayeogopa chakula hakitatosha, ukisimama nyuma unakuta mchuzi ambao nyama imepita tu ikasalimia. Fundi ndiyo kabisa, fundi anapewa ukoko. Miaka yote ile ya kuwachezesha watu nimekula ukoko mpaka meno yangu yamezoea.

Chakula chenyewe, kile cha kweli, hakikai nje. Kinaingia ndani. Kwetu huku, uwe Mmakonde, Mmakua au Myao, mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba, baba anakaa nje na wageni anatabasamu. Ndiyo maana kwenye sherehe ya binti kuna chumba cha wajomba, na kile chumba hakipikiwi na kamati. Kinapikiwa na bibi wa ukoo, jiko la peke yake, kuku wa kienyeji kwa tui la nazi na korosho zilizosagwa, na ugali wa muhogo mweupe unaovuta. Ukitaka kujua mahali pazuri pa kula, usifuate maua, fuata sinia lililofunikwa uone linaingia mlango gani. Hili nililijua siku nyingi. Sikuwahi kulifanyia kazi mpaka siku ile.

Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti mmoja anaitwa Salome, msimu wa korosho umeisha, watu wana furaha, mvua imeanza. Nilipanda Newala alfajiri kwenye pikapu nimekumbatia spika kama mgonjwa, baridi ya kule juu mnaijua, dereva akanishusha akaenda zake, nikafunga vyombo peke yangu chini ya mikorosho huku manyunyu yananidondokea shingoni. Chai sikunywa. Ilipofika mchana harufu ya pilau ikaanza kutembea uwanjani, nikaenda jikoni kwa adabu zangu zote. Msimamizi wa chakula alikuwa Mama Tausi, mama mdogo wake Salome, mwanamke mpana mwenye mwiko mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Edna. Fundi utakula mwisho, leo wageni wengi."

"Mama, nimetoka Masasi gizani, hata chai sijaweka mdomoni."

"Nimesikia. Kikibaki nitakuita."

Akageuka akaendelea na sufuria lake. Kikibaki. Lile neno liliniuma, maana sikuwa nimeomba paja, niliomba kijiko, na bila mimi sherehe yao ingekuwa kikao cha msiba. Nikarudi kwenye mitambo yangu, nikapanga nyimbo zijiendeshe zenyewe, nikajisemea ngoja nikakague waya. (Waya ulikuwa mzima. Ulikuwa wa akiba, jenereta likizima, unachomekwa ndani ya nyumba, unapita dirishani, na mimi mwenyewe ndiye niliyeupitisha, najua ulikuwa mzima.)

Ndani korido ilikuwa na giza, na kwenye chumba cha mwisho pazia lilikuwa linatoa harufu ambayo hata sasa nikiisimulia mate yanajaa. Nikafunua pazia kidogo. Wazee wawili wamekaa mkekani, mmoja mfupi mwenye kofia, huyo ni Mzee Dadi, haoni vizuri, na mwingine mrefu, Mzee Ambrosi, ana kikohozi. Mbele yao sinia zao, na pembeni sinia la tatu limefunikwa kawa, na nafasi tupu mkekani.

"Umechelewa," Mzee Dadi akasema. "Kaa."

Hapo ndipo ulipokuwa uamuzi wangu, mdogo tu. Nilitakiwa kusema samahani wazee, mimi fundi, natafuta waya. Badala yake nikasema, "Shikamooni. Njia mbaya, mvua," jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, nikakaa.

"Marahaba. Umenenepa wewe," Mzee Ambrosi akasema akinikazia macho. "Ulivyopelekwa Tunduru ulikuwa kijiti. Marehemu angekuona angefurahi."

Nikaelewa kwamba wananidhania mtu. Ningeweza kuinuka bado, mlango uko pale, lakini Mzee Dadi tayari alikuwa amenyoosha mkono akaliinua kawa, na nyie hamkumuona yule kuku. Alikuwa mzima, amekaa ndani ya mchuzi wa njano mzito, mafuta ya nazi yanaelea juu, na firigisi imewekwa juu ya kifua chake peke yake. Nikanawa mikono. Nilikula, jamani, sitawadanganya kwamba nilikula kwa wasiwasi, nilikula kwa raha, nikatafuna mfupa, nikapangusa sinia kwa tonge, na firigisi nikaimalizia mwisho kama mtu mwenye akili. Moyoni nilikuwa namwambia Mama Tausi: kimebaki, mama, kimebaki hiki.

Nilipomeza tu, Mzee Ambrosi akakohoa, akasema, "Basi tumeshukuru. Umekula firigisi ya marehemu, Chilumba, neno sasa ni lako."

"Neno gani, mzee?"

Wakatazamana. Wakanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyekulia mbali. Mjomba mkubwa wa ukoo alifariki, na mpwa wake aliyekulia Tunduru ndiye aliyerithi jina, anaitwa Chilumba kama yeye, na leo ndiyo mara ya kwanza anakuja kukaa mahali pake. Kwenye ukoo ule anayekula firigisi chumbani ndiye anayemjibia binti mbele ya upande wa mume. Anasema wa kwanza, wengine wanafuata. Na leo lilikuwepo swali zito, kwa sababu Salome alikuwa chuo cha uuguzi amebakiza mwaka mmoja, na upande wa mume unataka harusi ikipita tu ahamie Songea, chuo aache. Baba yake hataki lakini hana neno. Wao wazee wawili hawakutaka kugombana na wageni, wakasema tumsubiri Chilumba.

Nikatazama dirisha. Lina nondo.

Kabla sijafungua mdomo, pazia likafunuliwa akaingia binti mwenyewe na birika la maji na beseni, akapiga magoti mbele yangu, kavaa gauni lake la sherehe lile la kung'aa, akaanza kuninawisha mikono. Alikuwa anamimina bila kutazama, maji yakaenda nusu kwenye beseni nusu kwenye suruali yangu.

"Shikamoo mjomba Chilumba."

"Marahaba," nikasema. Ningesema nini?

"Mjomba, ni mwaka mmoja tu." Alikuwa anaongea chini sana, hanitazami. "Festo namtaka, sijasema simtaki. Ila nikiondoka bila cheti sitarudi tena chuo, najijua. Wewe ukisema niende nitaenda. Ndiyo hivyo tu, mjomba."

Akachukua beseni akatoka. Mimi nikabaki na mikono inadondosha maji na roho inaniuma, maana kula kuku wa mtu ni jambo moja, na hili lilikuwa jambo lingine kabisa. Nikaamua nitasema ukweli. Mungu anaona, nilifungua mdomo kuwaambia wale wazee, na wakati huo huo spika zangu mwenyewe, na besi niliyoipanga mwenyewe, zikanguruma: "Tunaomba wajomba wa bibi harusi watoke nje, mshenga yuko tayari." Mzee Dadi akanishika mkono nimwongoze njia kwa sababu haoni, na huwezi kumtupa mzee asiyeona katikati ya korido, nikamwongoza.

Tukatokea uwanjani. Mshehereshaji alikuwa Issa, rafiki yangu, tumezunguka naye sherehe ngapi, na aliponiona nimesimama safu ya wajomba nang'aa mafuta kidevuni alishusha maiki polepole.

"Barnaba, unafanya nini hapo?" akaninong'oneza.

"Nipe maiki," nikasema, "nieleze."

Nilitaka kueleza, narudia. Lakini mshenga alitangulia. Alikuwa mtu mrefu mwenye kicheko kingi, akasema upande wa mume umekuja kwa heshima, wanamtaka binti aende Songea mara tu baada ya harusi, na masomo yasiwape wajomba shida, vyuo viko kila mahali, mume ni mmoja, akishamtunza mume na watoto, basi masomo nayo atasoma, nafasi ikibaki.

Akacheka. Na watu wakacheka naye. Salome alikuwa amekaa kwenye kiti chake chenye maua anatazama mapaja yake.

Nafasi ikibaki. Nawaambia damu ilinipanda mpaka masikioni, sikuwaza tena kuku, sikuwaza Chilumba, nilimpokonya Issa maiki nikasema, "Mshenga, ndoa hatujaikataa. Binti atamaliza chuo kwanza. Mwaka mmoja. Akimaliza mtamchukua na cheti chake mkononi. Binti yetu hapewi kilichobaki." Mzee Ambrosi akasema, "Neno limesemwa." Mzee Dadi akasema, "Limesemwa." Akina mama wakapiga vigelegele, na Mama Tausi, mwiko juu, ndiye alipiga kwa nguvu kuliko wote, hanitambui kwa sababu mwenzenu nilikuwa nimesimama kifua mbele.

Bodaboda ikaingia uwanjani wakati huo huo. Akashuka mwanamume mwembamba, koti limelowa, viatu vimejaa udongo mwekundu, akasalimia wazee, akasema amekwama njiani tangu asubuhi, tope. Akasema yeye ni Chilumba.

Maiki ikapiga ule mlio mkali, maana nilikuwa nimerudi nyuma mpaka nikaigusisha na spika. Uwanja mzima ukaziba masikio, halafu ukanitazama.

"Huyu si fundi wa spika?" Mama Tausi akasema.

"Kama Chilumba ni huyu," Mzee Dadi akauliza akigeuza kichwa huku na huku, "yule niliyekula naye ni nani?"

"Ni fundi," Mzee Ambrosi akamjibu kwa masikitiko. "Amekula na firigisi."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia hata kwa wachekeshaji. Watu waliegemeana. Mtu mmoja alitoka kwenye kiti akakaa chini kabisa. Nilikuwa na doa la mchuzi kifuani, suruali imelowa mbele (maji ya birika, lakini nani angeamini), na maiki mkononi bado inafanya kazi, kwa hiyo hata pumzi zangu zilisikika mpaka barabarani. Salome hakucheka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, na mshenga alikuwa tayari amesimama tena.

"Basi neno limefutika," mshenga akasema. "Mjomba halisi amefika, aseme yeye, tuendelee na safari yetu."

Wote wakamgeukia Chilumba. Yeye akavua koti, akalikung'uta, akauliza, "Kuku wangu yuko wapi?"

Wote wakanionyesha mimi.

"Nimetoka Tunduru kukaa mahali pa marehemu," Chilumba akasema. "Marehemu hakusema neno juu ya mtoto kwa tumbo tupu. Na mimi sisemi."

Wazee wakanong'ona, na hukumu ikatoka kwa Mzee Ambrosi katikati ya vikohozi: aliyekula ndiye atakayepika. Na siyo kule nyuma jikoni. Pale pale uwanjani, mbele ya wageni, sherehe isubiri.

Ndugu zangu, mimi nyumbani kwangu hata chai ananichemshia Mama Edna. Jogoo nilimnunua kwa jirani wa pale, nikamkimbiza mwenyewe kwenye mikorosho kwa sababu jirani aligoma kumshika, nikamchinja, nikamnyonyoa kwa maji ya moto vidole vikiungua. Halafu nikaletewa mbuzi ya kukunia nazi. Nikaikalia, mwanamume mzima, Mama Tausi akanitupia kanga nijifunge nisichafue suruali zaidi, ya maua mekundu, nikakuna nazi huku akina bibi wananiambia zungusha mkono, siyo hivyo, hujafundwa wewe. Na Issa, rafiki yangu, aliyekula meza kuu, akashika maiki yangu akatangaza kila hatua kama mpira wa redioni. "Fundi anakamua tui, anakamua, limemwagikia kwenye mguu, nafasi nzuri amepoteza." Spika zangu. Jenereta langu. Mafuta nimeweka mimi.

Mnataka kujua kama niliinamisha kichwa? Sikuinamisha. Nilipika nimeinua uso, na kila aliyenicheka nilimtazama, kwa sababu nilikuwa najiuliza ni nani kati yao aliyewahi kumpelekea fundi sahani ya moto.

Kuku alipoiva nikampelekea Chilumba, nikapiga magoti kama mkwe, nikamnawisha. Akala taratibu mno. Mshenga anatazama saa, Salome hatazami kitu. Alipofika katikati Chilumba akaniinamia.

"Ulisema nini kwa jina langu?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Nikaongeza, "Na ungechelewa zaidi, ningesema tena." Sijui ujasiri ule ulitoka wapi, nadhani ulikuwa kwenye firigisi.

Akatafuna. "Nazi imezidi," akasema. Akachukua firigisi, akaila, akanawa, akajifuta, akasimama.

"Huyu mtu amekula vibaya," akasema, bila maiki, na watu wote wakasikia, "lakini amesema vizuri. Binti atamaliza chuo. Neno langu ni hilo." Halafu akanigeukia. "Na wewe umemeza, hatuwezi kukutapisha. Siku binti huyu akipata shida, mlango wako ataugonga kama anavyougonga wangu."

Mshenga akafungua mdomo, lakini Festo mwenyewe, ambaye siku nzima hakuna aliyekumbuka kumuuliza kitu, alisimama akasema atasubiri. Salome akalia pale pale na vipodozi vyake vyote.

Nilifungua vyombo vyangu usiku ukiingia, na watoto waliniimba mpaka pikapu ilipokata kona. Mama Edna alizipata habari kabla sijafika, kwa simu, akaniandalia ugali na kachumbari tupu, akasema kuku nimeshakula. Kwa wiki nzima hakuniita Baba Edna, aliniita mjomba, na kwa sauti ambayo siyo ya heshima.

Sasa chekeni, haya. Lakini mjue ya kwamba tangu siku ile, Newala yote na Masasi yake, nikifika kwenye sherehe fundi analishwa wa kwanza, sahani ya moto, nyama juu, wanasema mpeni haraka asije akaingia ndani. Na kwenye harusi ya Salome, aliyeolewa na cheti chake mkononi kama nilivyosema, Mama Tausi alinipakulia kwa mkono wake. Kiapo nilichoapa ni kimoja tu: siingii tena kwenye chumba nikala kabla ya kuuliza chakula hiki ni cha nani na kinadai nini. Kuacha kula sikuapa, na kuomba radhi kwa lile neno sitaomba.

Salome sasa hivi yuko zahanati moja huku bondeni, Festo amemfuata na kazi zake. Wiki iliyopita kichwa kilinisumbua nikaenda. Akanifunga ule mkanda mkononi, akaupampu, akatazama namba, akatazama tena, akanivalia uso wa kazi.

"Mjomba, presha iko juu. Mafuta ya nazi basi. Kuku wa kuungwa basi, na chumvi punguza. Mimi ndiye ninayesema."

Mbele ya wagonjwa wote. Nikaitikia, ningefanyaje, mwenye cheti ni yeye na nilikipigania mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi nina sherehe Lukuledi, bibi anayepika nimeshamtumia salamu, na nimemwambia mimi nitakula mboga za majani. Firigisi moja tu pembeni.